Kompyuta ya Ofisini Haiwi Yako kwa Kuilipia Tu

Wiki iliyopita dada mmoja anayesoma makala zangu aliniandikia: "Kaka, nimepata kompyuta mpakato iliyokuwa ofisini, safi kama mpya. Nimeshalipa nusu. Nikimaliza nusu nyingine napiga Windows tu, naanza kazi, au?" Hilo neno "tu" liliniuma, kwa sababu ndilo lililoniponza mimi.

Yangu niliuziwa na jamaa aliyechukua mashine kama hizo kwa jumla kutoka kampuni iliyokuwa ikibadilisha mashine zake. Kibodi laini, RAM ya GB 8, SSD, mwili mgumu usiolialia ukiushika. Wewe unayetaka kuandika, kuhariri video au kujifunza kutengeneza programu unaijua hamu niliyokuwa nayo. Sikuuliza swali hata moja. Usiku uleule nikatafuta flashi ya GB 8, nikaiwekea Windows, nikafuta diski nzima. Tena nikawaita watu wa nyumbani waje waone.

Mashine ikawaka, ikaomba intaneti, nikaiunganisha. Mara likatokea neno la kunikaribisha, chini yake jina la ile kampuni, na kisanduku kinachodai barua pepe ya kazini. Mdogo wangu akauliza, "Kaka, kumbe umeajiriwa huko?" Wakacheka wote. Mimi nilijidai natafuta chaja.

Nilifomati mara tatu usiku ule. Ningefomati mara mia, jibu lingekuwa lilelile. Kampuni nyingi husajili mashine zao kwenye huduma ya Microsoft iitwayo Autopilot. Utambulisho unaosajiliwa ni wa mashine yenyewe na unakaa kwenye seva, yaani kompyuta za Microsoft zilizo mbali, si kwenye diski, kwa hiyo kila ukipiga Windows upya na kuunganisha intaneti, mashine inajitambulisha na kurudi kwa tajiri wake. Wa kuuondoa usajili huo kwa kawaida ni kampuni yenyewe. Muuzaji aliniambia yeye kazi yake ni kuuza. Ofisini nikazungushwa wiki tatu, kila simu inanipeleka kwa mtu mwingine, mpaka kijana mmoja wa IT akaniomba namba ya mashine, ile iliyobandikwa chini, na kesho yake ikawa huru. Hakuna aliyeniambia hata pole. Nimeshaifanyia kazi nyingi mashine ile, lakini zile wiki tatu sijazisahau.

Basi sikiliza. Kabla ya kumaliza kulipa, mwambie muuzaji airudishe mashine kwenye hali ya kiwandani na aiunganishe na intaneti mbele yako. Akianza kukwambia mtandao unasumbua, washa wa simu yako. Kisha ingia kwenye BIOS, programu ya msingi inayowaka kabla ya Windows (kwa nyingi unabonyeza F2, F10 au Delete wakati inawaka). Ikidai nywila ambayo muuzaji haijui, usiichukue. Humo humo tazama kama kuna ulinzi wa Absolute, zamani Computrace, uliowashwa, ule unaomwezesha mwenye mashine kuifuatilia au kuifunga akiwa mbali. Huo unakaa ndani ya BIOS, na kubadilisha diski hakuung'oi.

Na usishawishike kubaki na Windows waliyoiacha ofisini eti "imeshalipiwa". Rafiki yangu alifanya hivyo. Leseni za namna hiyo mara nyingi huthibitishwa na seva ya ofisi, na mashine isipoiona seva hiyo kwa siku 180 uthibitisho unakwisha. Yake ilianza kumdai uthibitisho katikati ya kazi ya mteja.

Kupiga Windows kwenyewe sitaeleza, ni kubonyeza na kusubiri. Ila jua kwamba msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka TPM 2.0 (kifaa cha usalama ndani ya mashine) na, kwa Intel, kwa jumla prosesa ya kizazi cha 8 kwenda mbele. Ya zamani zaidi iwekee Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, usione haya, mimi ninayo moja. Betri nayo ipime: andika powercfg /batteryreport kwenye kisanduku cha amri (Command Prompt), ulinganishe uwezo wake wa kiwandani na ule inaoshika sasa. Ikiwa imeshuka chini ya nusu, hesabu na bei ya betri mpya.

Ndugu zangu, tunaona haya kuuliza mbele ya muuzaji, tukidhani tutaonekana hatujui. Uliza. Ukikutana na mafaili ya mfanyakazi wa zamani usiyasome, yafute. Omba karatasi inayosema kampuni imeiachia mashine, yenye namba yake. Mtu anayeuza kitu halali hakasiriki kwa hilo.

Yule dada amenijibu jana. Alimwomba muuzaji aiunganishe na intaneti mbele yake. Tangu Jumanne hapokei simu.