Marafiki 4,300 na mtu wa kitochi

Mbukwenyi jamani. Juzi kwenye grupu letu la WhatsApp la tuliomaliza fomu foo pamoja niliandika kidogo tu kwamba huku Canada upweke unaumiza, mwenzetu mmoja wa Area D, hapo kwetu Dodoma, akanirushia voisi noti ya dakika mbili, anacheka, nyuma yake nasikia bajaji na mtu anauza maji, anasema wewe una marafiki 4,300 Facebook, ukiweka picha ya theluji laiki 600, halafu unatuambia mpweke, hao ni marafiki au ni mapambo? Wengi mkamuunga mkono. Nikasema nitajibu nikitoka shifti. Nimetoka, nimeweka chai, najibu, na ikiwa ndefu mnivumilie maana hili swali limenigusa mahali ambapo nyie hamjui.

Naanza na neno lenyewe. Kwetu kuomba urafiki ilikuwa kitu kingine kabisa, ilikuwa ni barua imekunjwa mara nane imepuliziwa manukato ya dada, unampa mdogo wake binti apeleke, na mwalimu akiikamata inasomwa mstarini shule nzima isikie. Mshikaji wako hukumuomba urafiki. Mlijikuta tu mko foleni moja ya maji na ndoo zenu, mkaiba zabibu za watu Hombolo mkakimbizwa na mbwa, basi, imeisha hiyo. Sasa kule Facebook mtu ambaye hata kwao sikujui anabonyeza kitufe, na mimi nabonyeza, tayari rafiki. Wenyewe wameweka mwisho wa watu 5,000 kwa hiyo nimebakiza 700 tu gari lijae. Kuna profesa mmoja wa Uingereza anaitwa Robin Dunbar, tangu miaka ya 1990 anasema akili ya binadamu inabeba mahusiano ya watu kama 150 hivi, na wale wa ndani kabisa ni kama watano. Bibi yangu wa Mvumi angemcheka kwa hiyo 150, yeye alijua koo za watu na mbuzi wao kwa rangi, ila hao watano nadhani wangeelewana.

Wiki iliyopita nilianza kuwapitia hao 4,300 mmoja mmoja, sikufika hata 500 nikachoka. Wako wanaouza viwanja vya Nala na Ihumwa, hawa ndo wengi, sijui nani kawaambia kila aliyeko Canada anatafuta kiwanja. Wako niliokaa nao siti moja kwenye basi la Dar siku moja tu mwaka ambao siukumbuki. Na wako waliofariki. Akaunti zao ziko pale pale, na kila mwaka siku ya kuzaliwa ikifika watu wanaandika hongera, Mungu akuzidishie miaka. Mmoja nilimzika mimi mwenyewe kabla sijaondoka, udongo nimetupia kwa mkono huu, na bado wanamtakia maisha marefu. Nilisoma zile salamu nikaiweka simu chini.

Halafu kuna wa inboksi. "Mambo." "Kimya sana." "Umetutupa eti." Siku ya tatu ndo shida inatajwa, ada, kodi, bodaboda imekamatwa. Siwacheki, mimi mwenyewe kabla sijatoka nilimwandikia hivyo hivyo jamaa mmoja aliyekuwa Oman, neno kwa neno, hakunijibu, na nilimsema kijiweni mwezi mzima. Ile methali ya akufaaye kwa dhiki naijua, iko kwenye khanga ya mama, ila msisahau dhiki siku hizi zinasafiri kwa intaneti na zote zinajua pa kunipata.

Kuhusu huku. Niko Winnipeg, ukiangalia ramani ni katikati ya Canada kama Dodoma ilivyo katikati ya nchi, tambarare hivyo hivyo, upepo hivyo hivyo, tofauti badala ya vumbi ni theluji. Januari inafika 30 chini ya sifuri na watu wanachomeka magari kwenye umeme usiku kama simu ili injini isigande. Sasa hivi tumepishana masaa tisa. Saa tatu usiku mkishakula na kupanda mtandaoni, mimi ni saa sita mchana, ama nipo kazini ama nimelala kama shifti ilikuwa ya usiku, nikiamka nakuta meseji 200 kwenye grupu, mmeshacheka, mmeshagombana, mmeshapatana, mimi naweka kidole gumba juu ya kitu kilichokwisha jana. Ndo maana mnaniona kila saa niko online. Niko online lakini siko nanyi, mnanielewa? Ni kama mtu aliyefika harusini sahani zinaoshwa.

Na watu wa huku sio wabaya. Wanakusalimia, wanakufungulia mlango, ila nyumbani kwa mtu huendi bila miadi, na miadi yenyewe ni ya wiki tatu mbele. Mimi nafanya kazi nyumba ya kulelea wazee. Kuna bibi mmoja watoto wake wanampigia video kila Jumapili, anacheka nao vizuri tu, simu ikikatika ananishika mkono mimi, ambaye jina langu hulikosea kila siku, anaung'ang'ania mpaka mwenzangu aje kuniita.

Lakini nikisema wa mtandaoni sio watu nitakuwa mwongo, na leo nimesema sitaki uongo. Nilipofika hapa Januari 2017 hakuna ndugu wala nani, kuna jamaa mmoja mtu wa Singida nilikutana naye Facebook kwenye grupu la Watanzania wa Canada, hatujawahi kuonana. Wiki moja kabla ya safari akaniuliza swali moja tu: unavaa kiatu namba ngapi? Nikajiuliza huyu vipi. Nimetoka pale uwanja wa ndege na kikoti changu cha Majengo nilichodhani ni kizito, namkuta kasimama na mabuti namba 42 na koti kama godoro. Nikalala kwake miezi miwili, sebuleni, mkewe ananipikia ugali na mlenda wa unga aliotumiwa kutoka kwao. Mwaka 2019 wakahamia Alberta, sasa tumerudi kuwa watu wa simu tena, lakini sio kama wale wa viwanja. Huyu akiandika "upo?" najua anauliza kama nipo.

Sasa nifike pale ambapo nimekuwa nazunguka tangu mwanzo.

Tarehe 4 Oktoba 2021, Jumatatu. Mama alikuwa amelazwa hapo mjini, presha, binamu yangu ndo ananipa habari kwa WhatsApp. Meseji yake ya mwisho: daktari anaingia, subiri. Nikasubiri. Meseji zangu zikawa zinabaki na kile kisaa kidogo, haziendi. Nikadhani bando lake limeisha, nikadhani ni modemu yangu, nikaizima nikaiwasha mara nne. Kumbe siku ile Facebook, Instagram na WhatsApp zilizima dunia nzima, mafundi wao walikuwa kwenye matengenezo ya kawaida ya mtandao unaounganisha vituo vyao, amri moja ikakata vyote, ikachukua kama masaa sita. Kwenu ilikuwa inakaribia saa moja jioni, giza linaingia.

Simu ya mama imezimwa. Binamu, ile laini aliyofungulia WhatsApp ilishakufa zamani, ukipiga ya kawaida haipatikani. Nikajaribu watatu wa humu kwenye grupu, wawili hawapatikani, mmoja ikaita mpaka ikakata. Yaani nimekaa kitandani nina watu 4,300 na sina wa kumpigia. Ndo ikanijia namba moja ambayo naijua kwa kichwa.

Yule jamaa yetu wa Makole, fundi cherehani, wengi mnamjua. Mwaka 2008 tulinunua laini pamoja kwenye kibanda pale Jamatini, namba zikafuatana, yake imenizidi moja mwishoni. Mimi yangu niliitupa, yeye anayo mpaka leo, kwenye kitochi. Facebook hana, WhatsApp hana, hajawahi kulaiki kitu changu hata kimoja. Nilikuwa sijaongea naye zaidi ya miaka mitatu. Ikaita mara mbili, "Mwanangu! Bado unaishi?" Nikamweleza. Hakuuliza mbona kimya, hakuuliza chochote, akasema nafunga banda, akatafuta bodaboda. Sijui alipitaje getini saa zile. Saa mbili na nusu akampa mama simu nikasikia sauti yake, imechoka lakini yake. Akabaki pale mpaka asubuhi kwenye benchi la nje. Na WhatsApp iliporudi zikaniingia meseji kama mvua, karibu zote zinauliza kitu kimoja, na kwako ilizima?

Usiku ule, mama ameshalala, tuliongea kidogo. Akaniambia, mama yangu mimi alishatangulia, 2018, nilijua hukupata habari, maana ungepata ungepiga.

Nilipata. Niliipata humu humu kwenye grupu, mnakumbuka, ile picha ya marehemu na mshumaa. Tukaandika pole, tukaandika raha ya milele, tukaweka mikono ya kuomba. Nimerudi juu nikahesabu, tulikuwa 52. Mimi niliweka mikono mitatu. Mchango nikasema mwisho wa mwezi, mwisho wa mwezi ukafika na ukapita. Na mfiwa hayumo kwenye grupu! Hajawahi kuwemo, ana kitochi. Watu 52 tumempa pole nani? Waliokwenda Makole wakakaa kwenye turubai, waliolala pale nje na kina mama waliopika, nawajua, hamfiki kumi, nyie hili haliwahusu. Sisi wengine tuliondoka kwenye simu tunajisikia tumeshazika.

Mngetegemea nimwambie ukweli usiku ule, mtu yuko kwenye benchi kwa ajili ya mama yangu. Nilimwambia hivi: "Kweli ndugu yangu, sikupata." Akasema si unaona, nilijua tu.

Kwa hiyo wa Area D, uliuliza kuhusu hao 4,300 kama ni marafiki. Mimi tangu 2021 swali langu lipo upande wa pili, mimi ni rafiki wa nani. Huyo wa Makole namtumia hela ya uzi na vifungo, nampigia, tunacheka, mama yeye anamuita mwanangu mkubwa, na kila akinishukuru nasikia vibaya mpaka nakata simu nasingizia mtandao.

Hata haya niliyoandika hapa hatayaona. Bado ana kitochi kile kile, mfuniko wa betri anaufunga na mpira. Jumapili nimeomba ofu, saa mbili usiku ya kwenu, huku itakuwa saa tano asubuhi, nitampigia nimwambie. Nyie mnaopita Makole, tafadhali, asisikie kwenu kabla yangu.