Anaandika 3 na 7 zimegeuka: nimtoe chuoni?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni Mzanzibari, tupo Muscat kwa kazi ya baba watoto. Mwanangu ana miaka sita. Mwaka huu namsomesha mwenyewe nyumbani kwa vitabu vya darasa la kwanza, maana tunatarajia kurudi Unguja. Asubuhi tunakaa mezani, yeye upande ule mimi upande huu; jioni anakwenda chuoni kusoma Kurani. Kusoma hajambo, kuhesabu hajambo, lakini 2, 3, 7 na 9 anaziandika zimegeuka, na juzi 12 kaiandika 21. Nikimfutia anaandika sawa, kesho yake yale yale. Nimemwandikisha 3 ukurasa mzima, wapi! Dada yangu anasema chuo ndicho kinachomchanganya, nimtoe kwanza mpaka namba zikae. Mwengine kanitisha kwamba ni maradhi ya kutoweza kusoma. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba, mama. Chuoni asitoke, na maradhi kwa ulivyoeleza siyaoni. Ila kuna jambo la kufanya kesho asubuhi kabla hata ya penseli: hama kiti. Umesema yeye upande ule, wewe upande huu. Chukua karatasi, andika 3, kisha uizungushe mpaka iwe kichwa chini. Umeona inakotazama? Ndiyo 3 anayoiona yeye kila unapomwandikia mfano mkiwa mmekabiliana. Na 7 yako kule aliko inakaribia kuwa L. Kaa ubavuni mwake, bega kwa bega, upande wa mkono asioandikia ili usimzibe.

Kiti peke yake hakitamaliza kazi. Tangu azaliwe, macho ya mtoto yamezoea kwamba kitu ni kile kile hata kikigeuka. Paka akienda jikoni au akirudi ni paka. Kikombe, mkono wake ukielekea kulia au kushoto, ni kikombe. Leo tunamletea 3 na kumwambia hii ikitazama kule haifai. Hajawahi kukutana na sharti kama hilo, na kulizoea kunachukua muda. Katika miaka mitano na sita kugeuza ni jambo la kawaida mno. Wengi linawatoka lenyewe wakifika saba au nane.

Angalia pia namba ulizozitaja na usizozitaja. Hukusema 4 wala 6. Herufi nyingi tunazoandika, kama B, E, F, K, P na R, zina mgongo kushoto na zinatazama kulia. Mtoto huikamata kanuni hiyo bila kufundishwa na mtu, halafu anaitumia kila mahali. Basi zinazotazama kushoto, yaani 2, 3, 7, 9 na herufi J na Z, ndizo zinazoumia. Mtafiti Mfaransa Jean-Paul Fischer alilionyesha jambo hili kwa watoto wa umri huohuo wa mwanao. Kwa hiyo kosa lake lina akili ndani yake.

Sasa chuo. Watoto wasiojua hata alifu wanageuza namba hizo hizo, kwa hiyo chuo siyo chanzo. Lakini dada yako hakubahatisha tu. Mwaka mmoja nilikuwa na mtoto aliyeandika jibu la 3 limegeuka, nikalipiga alama ya kosa. Akanitazama kama anayenionea huruma: “Mwalimu, hiyo ni nne ya ustadhi.” Nilikwenda kufungua juzuu nikakuta kweli: ٤ ni nne, na mbele ya mtoto wa miaka sita ni 3 iliyogeuka. Tazama na ٢, ambayo ni mbili: ni 7 iliyogeuka. Na ٦ ni sita, lakini ukiitazama kwa haraka ni 7 yetu. Anayeshinda asubuhi na 7 na jioni na ٦ ana kazi mara mbili, na huko mliko noti moja tu ya riali ina namba hizi upande mmoja na zile upande wa pili. Ataziona zote, chuoni aende asiende. Afadhali azijue kwamba ni nyumba mbili.

Nilichokuwa nikifanya ni hiki. Daftari la hesabu libandikwe utepe wa kijani ukingo wa kushoto wa kila ukurasa, juu mpaka chini. Daftari la chuoni utepe huo huo uwe kulia, maana Kiarabu kinaanzia huko. Mwambie penseli inatoka kwenye kijani, basi, usiongeze hotuba. Neno “kushoto” kwa mtoto huyu bado ni upepo, utepe anauona. Na masomo hayo mawili yasigusane: kati yake awe amekula, amecheza, amelala.

Kisha namba zenyewe. Usimfundishe nne zote kwa pamoja. 2, 3 na 7 ni ndugu: zote zinaanza juu upande wa kijani na kuondoka kwenda mbele. Anza na 2, kaa nayo siku nne au tano mpaka mkono uende wenyewe bila yeye kufikiri, ndipo umletee 3, na 7 mwisho. 9 iweke mbali kabisa, maana yake ni kinyume: inaanza kulia, inazunguka kurudi kwenye kijani, inafunga, ndipo inashuka. Ukiichanganya na wale ndugu watatu utavuruga ulichojenga.

Usitazame namba ikishakwisha, tazama inapoanza. Ncha ya penseli ikigusa karatasi mahali siyo pake, kosa limeshatokea. Mshike mkono hapo hapo, mrudishe, bila maneno. Ndiyo maana ule ukurasa mzima wa 3 haukusaidia. Mstari wa kwanza anakumbuka. Wa tatu amechoka, anaanzia popote, na kuanzia hapo anafanya mazoezi ya kukosea. Mara sita zinatosha, kisha mwambie aizungushie duara ile iliyomfurahisha mwenyewe. Raba ifiche.

Kabla ya penseli, tumia sinia. Mimina unga kidogo, utikise usambae, aandike kwa kidole namba kubwa iliyojaa sinia zima, bega likifanya kazi, huku akisema kwa sauti. Kwa 2 sisi tulisema “shingo ya bata, teleza, mkia chini”. Kwa 7, “barazani, halafu ngazi”. Tungeni yenu, ya kwenu ataikumbuka zaidi. Dakika tano kila siku ni bora kuliko saa nzima Ijumaa. Ikiwa anatumia mkono wa kushoto, mwache na mkono wake; kumbadilisha hakunyooshi namba.

Na hesabu zake usizifungie hapo. Akiulizwa 4 na 3 akaandika 7 iliyogeuka, jibu ni sahihi, mpe alama yake. Mkatie kadi za 0 mpaka 9 ajibu kwa kuzipanga, au ajibu kwa mdomo. Nimeona watoto wepesi wa hesabu wakiaminishwa kuwa wajinga kwa sababu ya mkono tu.

Kuhusu maradhi: kugeuza namba peke yake si dalili ya disleksia, yaani huo ugumu wa kusoma uliotishwa nao, na miwani hainyooshi 3 iliyogeuka. Nenda kwa wataalamu ikiwa amepita miaka minane na bado zinageuka kwa wingi, au hata sasa ikiwa anasahau majina ya namba alizokwisha kuzijua, hawezi kuhesabu vitu vitano kwa kuvigusa, hasikii kwamba “baba” na “bata” zinaanza sawa, au kuna ndugu wa damu aliyehangaika sana kusoma. Anayepoteza alichokuwa akikiweza vizuri apelekwe kwa daktari bila kungoja. Wako kwa maelezo yako yuko mbali na hayo.

Imebaki 12 na 21, na hili ni jambo jengine kabisa. Hapo tarakimu hazikugeuka, zimepishana. Kiswahili kinamsaidia: kumi na mbili, kumi ikatangulia kutamkwa na kutangulia kuandikwa. Kiarabu anachokisikia huko kinaanza na mbili, na bibi yake akimpigia simu akasema “thenashara” ni mbili hiyo hiyo imetangulia. Ila katika maandishi hakuna ugomvi: hata ١٢ ya msahafuni kumi iko kushoto. Chukua njiti za kiberiti zilizokatwa vichwa, funga kumi kwa mpira, weka fungu karibu na utepe wa kijani na mbili huru kulia kwake. Aandike chini ya fungu, kisha chini ya zile huru. Siku ya pili ziwe njiti ishirini na moja, na hilo fungu la pili alifunge yeye.