Umeme Tuli Kwenye Kanda za Sauti: Majibu kwa Wasomaji

Swali: Niko Dodoma. Kiangazi hiki, kanda zangu za rili za poliesta zinavuta vumbi na kutoa milio ya ta-ta-ta. Nizipulizie dawa gani?

Jibu: Usizipulizie dawa yoyote. Poliesta haipitishi umeme, hivyo inaposuguana na vigurudumu hubaki na chaji ambayo hewa kavu haiipi njia ya kutokea, na chaji hiyo ikirukia kichwa cha kusomea, amplifaya huigeuza kuwa mlio. Dawa ya kuondoa umeme kwenye nguo huacha utando juu ya kanda na juu ya kichwa. Tibu chumba: unyevu wa hewa uwe kati ya asilimia 40 na 50, ukipimwa kwa haigromita na si kwa kukisia. Hakikisha pia kwamba vielekezi vya chuma vimeungana na bodi ya mashine, na bodi imeungana na waya wa ethi. Acha kurudisha kanda kwa kasi kubwa; mwendo wa kuchezea huzalisha chaji kidogo na huipanga kanda vizuri zaidi.

Swali: Je, umeme huo unafuta sauti?

Jibu: Hapana. Sauti imehifadhiwa kwa sumaku.

Swali: Je, nifute kanda kwa kitambaa kikavu?

Jibu: Kusugua ndiko kunakozalisha chaji.

Swali: Sisi wa Dar es Salaam tuna wasiwasi gani?

Jibu: Kiyoyozi, ambacho hukausha hewa ambayo bahari imewapa bure. Kikizimwa usiku, unyevu hurudi na kuleta kuvu, jambo baya kuliko milio yote ya umeme tuli.

Swali: Kanda yangu ya Ampex 456 inalia kama bawaba kavu na kuacha uchafu wa kahawia kwenye vichwa. Je, ni umeme tuli?

Jibu: Sivyo, na wanaobandika jina hilo kwa kila kelele wanaharibu kanda. Zima mashine sasa hivi. Gundi inayoshikilia oksidi, yaani unga wa sumaku unaobeba sauti, imenyonya unyevu na kuoza. Ajabu ni kwamba ugonjwa huu hupenda kanda zenye mpako mweusi wa kaboni mgongoni, uliowekwa, pamoja na mengine, ili kuondoa chaji. Mafundi huzipasha moto kwa takriban nyuzi 54 za Selsiasi kwa saa nane au zaidi, katika tanuri linalodhibitiwa, wala si jiko la gesi la nyumbani, kisha huzihamishia mara moja kwenye dijitali. Kabla ya hapo, imulike rili kwa taa ubavuni: mwanga ukipenya, kanda ni ya asetati, plastiki ya zamani iliyotumika kabla ya poliesta, na asetati haipashwi moto kamwe.