Trabajo si trabajó: mkazo wa vitenzi vya Kihispania

Msomaji ameandika akilalamika: alitaka kumwambia mwalimu wake kwamba kaka yake alifanya kazi jana, akatamka «trabajo», na mwalimu akasikia «nafanya kazi». Herufi zote alizipatia. Aliyemponza ni mkazo: alikusudia tra-ba-JÓ, ulimi ukatoa tra-BA-jo.

Sisi mkazo tunauweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho bila hata kufikiri. Ni maneno machache tu yanayotugutusha, kama barabara: ba-ra-BA-ra ni njia, ba-RA-ba-ra ni sawasawa. Kihispania kimejaa barabara za namna hiyo. Hablo, nasema, habló, alisema. Hable, aseme; hablé, nilisema. Hablaran, kama wangesema, hablarán, watasema.

Kanuni ni fupi. Neno likiishia irabu, n au s, mkazo uko pili kutoka mwisho: HA-blo, HA-blas, HA-blan. Likiishia herufi nyingine, uko mwisho: ha-BLAR, es-TOY. Linalokwenda kinyume linavaa alama: ha-BLÁ-ba-mos. Kwa hiyo alama ile si pambo. Ukiiruka unapoandika, umebadilisha nafsi au wakati.

Penye shida hasa ni irabu zinazofuatana. Kwetu kila irabu ni silabi: ki-a-tu, u-a. Kihispania, i au u isiyo na mkazo ikikaa kando ya a, e, o humezwa katika silabi ileile. Estudio ni es-TU-dio, silabi tatu. Mswahili husoma es-tu-DI-o na kukosea. Lakini envío ni en-VÍ-o kweli! Mwisho wa -iar haukuambii lolote: cambiar hutoa CAM-bio, enviar hutoa en-VÍ-o. Kila kitenzi cha -iar kijifunze pamoja na umbo lake la «mimi». Vya -uar vina huruma zaidi: kama kabla ya u hakuna c wala g, ú hubeba mkazo, actúo, continúo. Averiguar ina g, basi ni a-ve-RI-guo. Fui, dio na vio ni silabi moja moja, hazina alama. Ukikuta fué au dió, kitabu hicho kinafuata tahajia ya kabla ya 1959.

Viwakilishi kama me na lo vikigandishwa mwishoni mwa kitenzi, usiyafuate mazoea. Kwetu LE-ta huwa le-TE-ni, mkazo unahama. Kwao unabaki ulipokuwa: DA-me (nipe), DÁ-me-lo (nipe hicho), di-CIÉN-do-me-lo. Anayesema da-ME-lo anasikika mgeni papo hapo.

Acheni kukariri majedwali kimya kimya. Andika maumbo sita ya pensar (kufikiri), kata silabi kwa vistari, kisha soma kwa sauti ukigonga meza penye mkazo: PIEN-so, PIEN-sas, PIEN-sa, pen-SA-mos, pen-SÁIS, PIEN-san. Utaona mwenyewe kwamba e inageuka ie pale tu inapogongwa. Poder (kuweza) ni vilevile: PUE-do, po-DE-mos. Ndiyo maana Buenos Aires, wanakotumia vos kwa maana ya «wewe» na kusukuma mkazo mwishoni, utasikia pensás na podés, na ile ie na ue hazipo kabisa.