Vile neno "hajalipa" lilinipotezesha kazi ku PHP 8

Juzi kijana mumoja aliniandikia ku WhatsApp: "Mukubwa, PHP 8.5 imetoka na ile alama ya |>, niko nataka nihamishe saiti yote leo usiku, unasemaje?" PHP ni lugha ya kuandikia masaiti, na zile namba ni matoleo yake. Nilicheka, kiisha nikaacha kucheka, juu ile "leo usiku" ninaijua. Saiti yangu mi pia ilihamishwa usiku, na mi nilikuwa nalala.

Ile alama iko muzuri, sikatae. Inachukua jibu la fonksio moja (kipande cha programu chenye kufanya kazi moja) inalipitisha ku ingine, hauandike tena mabano ndani ya mabano paka macho yaume. Lakini acha nikuambie yangu kwanza.

Mwanzo wa 2020 niliandikia masomo moja ya ku Katuba programu ya minervali, ni kusema feza yenye bazazi banalipia masomo. Bazazi ba kwetu Lubumbashi unabajua, leo analeta dolari kumi, wiki ingine analeta franka, mwezi wa tatu haleti kitu. PHP 7.4 ilikuwa ingali mupya, jina langu niliweka chini ya kila ukurasa, kwa herufi kubwa. Nilikuwa na majivuno, naye mama yangu alikuwa anaonyesha bageni ku simu yake.

7.4 ilikuwa na siku yake ya kufa: 28 Novemba 2022, kiisha pale hakuna tena marekebisho ya usalama. Mi sikusoma. Kampuni yenye ilikuwa inatushikia serveri ilituma barua tatu ku email yenye nilikuwa sifungue. Mwezi wa kenda 2023, wiki ya kwanza ya masomo, bakatusukuma ku 8.1 na asubuhi ukurasa mweupe. Bazazi bako ku mustari, mama kontabli, mwenye kuandika feza ya masomo, ananipigia simu, kurenti haiko tangu usiku, batri ya ordinateri iko ku 12. Nikakimbia kwa rafiki mwenye iko na jenereta. Fonksio each() ilikuwa imeondolewa tangu 8.0, na count() (ya kuhesabu vitu) juu ya null (pahali hakuna kitu), yenye zamani ilikuwa inalalamika kidogo na kuendelea, sasa inasimamisha kila kitu. Mangaribi saiti ikaamuka. Prefe, mukubwa wa masomo, akanilipia bira mbili za Simba, nikarudi nyumbani sawa vile mufalme.

Kumbe yenye kuua haikuwa ile ya kelele.

Mama kontabli alikuwa na tabia yake: mutoto mwenye hajalipa, pahali pa feza hakuandika 0, aliandika "hajalipa", ama aliacha wazi. Na mi kwa uvivu ile sanduku niliiacha ikubali maandishi yoyote. Ku orodha ya madeni nikaandika if ($malipo == 0), ni kusema "kama malipo ni sawa na 0". Ku PHP 7 ilitembea, juu neno likilinganishwa na namba, neno njo linageuzwa namba, "hajalipa" inakuwa 0, mutoto anaingia ku madeni. Tangu 8.0 bakageuza: neno lenye haliko namba linabaki neno, ni ile 0 njo inageuzwa neno "0". Sasa "hajalipa" haiko sawa na "0", pahali wazi pia haiko sawa na "0", mutoto anatoka ku madeni polepole, hakuna kosa, hakuna ukurasa mweupe, hakuna mutu wa kupiga simu. Miezi mbili programu inaambia prefe kwamba madeni yamepungua. Alifurahi, alisema hata ku mukutano ya bazazi.

Kiisha feza ya balimu ikakosa.

Prefe hakunifokea, heri angefoka. Aligeuza ordinateri yake kwangu akauliza, "Feza iko wapi, mwanangu?" mbele ya mama kontabli, mwenye alikuwa anaangalia kucha zake. Nikaanza kueleza mambo ya ==, yenye kugeuza aina kwanza kiisha inalinganisha, na ===, yenye haigeuze kitu, na kadiri nilieleza ndivyo nilisikia sauti yangu inakuwa ya mwizi mwenye kusoma. Krismasi haijafika, kazi bakapatia mwingine. Mwingine na === yake, tuseme.

Basi kijana, orodha ya vyenye bameondoa na vyenye bamegeuza isome mbele ya orodha ya vyenye bameongeza. Kila toleo linakuja na zote mbili, lakini batu banasoma ya pili tu juu ndiyo yenye kupiga picha. Fanya kopi ku mashini yako, washa E_ALL ya kuonyesha makosa yote, kaa nayo wiki. Andika ===. Nasema tena, ===.

Na chenye kinaniuma paka leo, vile vitu vipya njo vingeniokoa. match ya 8.0, ya kuchagua jibu kwa kulinganisha, inalinganisha kwa ===, haibembeleze mutu. enum ya 8.1, orodha ya majibu yenye kukubaliwa tu, ningeandika hali tatu, Amelipa, Nusu, Hajalipa, mama kontabli angechagua moja na maneno yake angebaki nayo. Ile ya JIT bavijana banapigia kelele, yenye kugeuza programu kuwa lugha ya mashini ikiwa inatembea, kwa saiti yenye inakaa kungojea database haitakuongezea mwendo wa kuonekana. Tulizoea lugha yenye kutusamehe, kila siku inatusamehe, tukaanza kuita uvivu wetu ufundi, na siku ilikataa kusamehe tukasema imeharibika. Hapana. Ni sisi.

Wiki iliyopita nilitoa depo moja ya dawa ku 8.1 nikaipeleka ku 8.4, saa sita ya muchana, batu banaendelea kununua. Hakuna mwenye alijua. Nilikuwa nimeijaribu wiki tatu.

Jumanne prefe aliniandikia. Programu ya yule mwingine imezima, eti naweza kupita? Niliuacha ule ujumbe siku mbili, kiisha nikamujibu kwa heshima kwamba niko na kazi nyingi paka mwisho wa mwezi. Niko ku baraza tangu asubuhi, naandika hii.