Nina A 23 kati ya 24, mbona nashika mkia?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Columbus, Ohio, na wiki iliyopita nilishiriki shindano langu la kwanza la USPSA, chama cha Marekani cha mashindano ya kulenga shabaha kwa kasi. Bastola yangu ni Glock 17, risasi za 9mm za dukani, na waliniandikisha daraja la Limited, la bastola zisizo na kioo cha kulengea. Kuna steji moja inaniuma hadi leo: shabaha 12 za karatasi, kila moja risasi mbili. Nilipata A 23 na C moja, kwa sekunde 41 (A ni katikati ya shabaha, C na D ni pembeni). Jamaa wa kikosi chetu alitapanya risasi: A 17, C 6, D 1, sekunde 24.8, na akanipita mbali. Yeye anatumia risasi za .40, kubwa kuliko 9mm, wanasema C yake inahesabiwa pointi 4 na yangu 3. Je, ninunue .40? Au niweke kioo cha kulengea chenye nukta nyekundu? Halafu mdogo wangu anakuja mwezi ujao kwa viza ya mwanafunzi, naweza kwenda naye akajaribu?

JIBU: Marahaba, na hongera kwa kumaliza shindano la kwanza ukiwa bado unaruhusiwa uwanjani. Sitanii. Mimi shindano langu la tatu liliisha kabla sijapiga risasi hata moja: nilifungua begi nyuma ya gari na kuitoa bastola ili niiweke kwenye ala. Ofisa wa uwanja alikuwa amesimama hatua nne kutoka kwangu. Bastola hushikwa kwenye meza ya usalama, tena bila risasi yoyote mkononi, au mbele ya ofisa anapokuamuru. Kwingine kokote ni kufukuzwa shindanoni. Nilibaki kubandika vikaratasi vya kuziba matundu kwenye shabaha za wenzangu hadi saa tisa alasiri.

Sasa tuje kwenye karatasi yako ya matokeo, maana jibu lote la kuhusu .40 limo humo.

Kwenye mchezo huu pointi peke yake haisemi kitu. Zinachukuliwa pointi ulizopata zinagawanywa kwa sekunde ulizotumia, na jibu lake ndiyo hiti fakta. A ni pointi 5 kwa kila mtu. C ni 3 kwa wenye risasi nyepesi na 4 kwa wenye risasi nzito. D ni 1 na 2. Uzito huo unapimwa kwa pawa fakta: uzito wa kichwa cha risasi kwa greni (kipimo kidogo cha uzito), mara mwendo wake kwa futi kwa sekunde, gawa kwa 1,000. Risasi ya 9mm ya greni 115 inayokwenda futi 1,150 inatoa 132. Kiwango cha chini cha nyepesi ni 125, cha nzito ni 165. Kwa hiyo risasi zako za dukani ni nyepesi, na huyo jamaa wa .40 ni mzito kihalali.

Wewe: 115 za A jumlisha 3 za C ni 118. Gawa kwa 41, unapata 2.88. Yeye: 85, na 24 za C, na 2 za D, jumla 111. Gawa kwa 24.8, ni 4.48.

Tuchukulie sasa kwamba ulikuwa na .40 siku ile, ukapiga vilevile. C yako moja ingekuwa 4 badala ya 3. Pointi 119 kwa sekunde 41 ni 2.90. Bastola mpya, magazini mpya na risasi za bei kubwa zaidi, vyote hivyo kwa pointi moja! Tugeuze na upande wa pili: tumnyang'anye jamaa .40 yake tumpe 9mm kama yako. Anabaki na 104, ambayo ni 4.19. Bado anakuacha. Risasi nzito inamfaidi anayepata C nyingi, na wewe hupati C. Kwa sasa weka pesa zako za bastola kwenye risasi za mazoezi.

Kioo cha nukta ni kizuri na nina changu, lakini kitakuhamisha daraja, na ugonjwa wako hauko kwenye macho ya kulenga. Uko kwenye miguu.

Wengi hawaamini wakiambiwa hivyo, basi tuikate steji yako vipande. Nakadiria, kwa kuwa sikuwepo, ila wapigaji wapya nimewashikia taima vya kutosha. Kuchomoa na kupiga risasi ya kwanza, sekunde 2.5. Risasi ya pili kwenye kila shabaha, nusu sekunde mara 12, ni 6. Kuhama kutoka shabaha hadi shabaha ukiwa umesimama palepale, tuseme mara nane, kama sekunde 7. Jumla 15 na kidogo. Sekunde 25 zilizobaki umezitumia kutembea kutoka nafasi moja hadi nyingine na kubadilisha magazini. Yaani zaidi ya nusu ya muda wako hupigi risasi kabisa. Ukijifunza kufyatua kwa kasi mara mbili ya sasa, utaokoa sekunde 3. Ukijifunza kuondoka na kufika, utaokoa 10.

Mpige video mmoja wa mabingwa wa klabu yenu, kisha ujipige na wewe, uzitazame bila sauti. Wewe unamaliza risasi ya mwisho, unaitazama shabaha kama unayeaga mgeni, unashusha bastola, unatembea, unasimama, unapandisha bastola, unatafuta shabaha iko wapi. Bingwa mguu wake wa nje umeshaanza kuondoka risasi ya mwisho inapotoka, na hatua mbili kabla hajafika bastola iko usoni tayari. Anapiga ya kwanza mguu wa pili haujatulia. Magazini anabadilisha njiani. Wewe, naweka dau, ulibadilisha umesimama wima ukiangalia kiunoni.

Hapo kwenye kubadilisha njiani ndipo wapya wanapofukuzwa, kwa hiyo nisikilize vizuri. Mtutu hauruhusiwi kuvuka nyuzi 180, yaani ule mstari unaopita mabegani mwako ukiwa umeukabili ukuta wa udongo unaozuia risasi nyuma ya shabaha. Anayeshika bastola kwa mkono wa kulia akikimbilia kushoto, mwili unageuka kushoto, na anapoinamisha bastola kupokea magazini mtutu unalala kushoto zaidi, unatazama nyuma bila yeye kujua. Ukielekea kushoto, chezesha miguu lakini kifua kibaki kinatazama ukuta, au badilisha kabla hujaondoka. Na kidole kiwe nje ya kifyatulio kila unapotembea au kubadilisha magazini, kimelala juu ya bodi ya bastola mahali ofisa anakiona. Maofisa tunaangalia kidole na mtutu. Shabaha hatuzitazami hata kidogo wakati unakimbia.

Sasa bei ya makosa. Hiti fakta ni pointi kwa sekunde, kwa hiyo kila kosa unaweza kulipima kwa sekunde. Kwa kasi yako ya 2.88, C inakupotezea pointi 2, sawa na sekunde 0.7. D ni pointi 4, sekunde 1.4. Kukosa kabisa unapoteza zile 5 na unakatwa 10 juu yake, jumla 15: sekunde 5.2! Kupiga risasi ya nyongeza kunakula nusu sekunde au kidogo zaidi. Basi ukiona umekosa, rudia papo hapo bila kufikiri. Ukihisi D, rudia kama bado uko mbele ya shabaha hiyo. C iache iende. Kwa mtu wa hiti fakta 7.2 C moja ni chini ya sekunde 0.3, ndiyo maana unamwona anazipita kama hazipo. Yeye si mzembe, ameshapiga hesabu. Shabaha nyeupe zile za "raia", zisizotakiwa kupigwa, nazo unakatwa 10 kila ukizigonga, basi zikisogea karibu na shabaha yako, punguza mwendo hapo tu.

Ukitaka lengo la shindano lijalo, chukua hili. Steji ileile, A 20 na C 4, kwa sekunde 30. Hiyo ni pointi 112, hiti fakta 3.73. Mshindi wa steji huchukua pointi zote 120, na wengine hupewa kwa kulinganisha hiti fakta zao na yake. Kama alikuwa na 7.2, wewe wa leo unapewa pointi 48 kati ya 120, jamaa wa .40 anapewa 74.6, na wewe wa lengo hilo ungepewa 62. Kukubali C nne ili uende kasi kumekuingizia pointi 14.

Mazoezi yake hayahitaji uwanja. Risasi zote zitoke chumbani, nasema zitoke, si kwamba ziwekwe kando kitandani. Hakikisha bastola tupu, iangalie mara mbili. Bandika vipande viwili vya utepe wa gundi sakafuni, hatua nne kati yake, na karatasi tatu ukutani. Simama cha kwanza, lenga, ondoka, fika cha pili bastola ikiwa imeshapanda. Dakika 10 kwa siku zinatosha. Siku moja fanya kwenda kushoto, siku nyingine kulia, na mara moja moja uingize kubadilisha magazini tupu njiani. Mwezi mmoja tu, miguu itaanza kukumbuka yenyewe.

Na mnapopewa zile dakika za kutembelea steji kabla ya kupiga, acha kuzunguka ukihesabu shabaha kama mbuzi wa mnadani. Chagua mahali pa kusimama pachache iwezekanavyo, na uamue magazini itabadilishwa kati ya wapi na wapi. Magazini yako ni risasi 17, kwa steji ya 24 unabadilisha mara moja. Ibadilishe kwenye mwendo mrefu kuliko yote.

Kuhusu mdogo wako, asishike bastola. Sheria ya shirikisho la Marekani inawakataza wenye viza za muda kumiliki au kuwa na silaha na risasi, na kushika hata ile ya kukodi uwanjani kunahesabiwa. Misamaha ipo, mmojawapo ni leseni ya uwindaji, lakini hilo aende kwa mwanasheria kwanza. Usilichukue kwa mdomo wa mtu wa klabu, wala kwangu. Wewe ukiwa na kadi ya ukaaji wa kudumu hilo halikuhusu. Aje tu na vikinga masikio na miwani, umpe rola ya vikaratasi abandike shabaha. Kikosi kikiwa na mbandikaji mwenye mbio, mnaondoka uwanjani mapema, na yeye atakuwa ameziona A na C kwa karibu kuliko ulivyoziona wewe mwenye bastola.