Kufufua injini ya Cox Babe Bee .049 iliyoganda

Babe Bee ni injini ndogo ya ndege za kuchezea, na nyingi zinazouzwa kama mbovu hazijachakaa, zimeganda tu. Kampuni ya Cox ya California ilianza kuzitoa mwaka 1956, na mafuta yake ya kuendeshea yalichanganywa na mafuta ya mbarika ili kulainisha vyuma. Mbarika ikiachwa ndani kwa miaka hugeuka gundi ya kahawia inayobana pistoni kana kwamba imechomelewa. Kwa maoni yangu, mafundi wenye haraka wameua nyingi kuliko zilizoanguka kutoka hewani.

Kwa hiyo usilazimishe propela kuzunguka. Injini ina ujazo wa sentimita za ujazo 0.8 tu, na konrodi yake, yaani fimbo inayosukumwa na pistoni, ni nyembamba: itapinda, au kichwa chake cha duara kitachomoka kwenye pistoni. Dondoshea methanoli au asetoni kwenye tundu la moshi, acha usiku kucha mbali na moto, kisha subiri ikauke kabisa ndipo uipashe kwa mashine ya hewa ya moto. Ondoa kwanza chochote cha plastiki. Gundi hulainika kwa joto, na ghafla utasikia propela inaachia.

Ikishaachia, ifungue. Kichwa chenye waya wa kuwashia kina spana yake maalumu, na ukitumia koleo utaharibu kingo zake. Silinda nayo imefungwa kwa nyuzi kwenye bodi. Hapa ndipo injini nyingi huharibiwa: mtu anaingiza bisibisi kwenye tundu la moshi na kuipinda kama ufunguo. Ukingo wa tundu unakunjwa kuelekea ndani, na pistoni inachubuka mara ya kwanza tu inapopita. Kama huna spana ya silinda, funga injini kwenye kipande cha mbao kwa matundu yake ya skrubu, pasha silinda, zungushia ngozi, uifungue kwa mkono.

Vyuma vitupu vilivyokaa na gundi huloweshwa kwenye kulanti ya gari yenye ethilini glikoli, ndani ya sufuria la umeme la moto mdogo, kwa saa kadhaa bila kuchemka. Vipande vyenye rangi viache nje, visije vikapauka. Sufuria hilo lisirudi jikoni tena, na lifunikwe: kulanti ni sumu, na ladha yake tamu huwavutia watoto na mbwa. Dawa ya kusafishia oveni usiiguse kabisa, kwa sababu magadi yake makali hula aluminiamu. Ukitoa vyuma, suuza kwa maji ya moto, kausha, paka mafuta papo hapo. Silinda ni ya chuma cha pua? Hapana, ni chuma cha kawaida, na hushika kutu upesi.

Sasa tazama ndani ya silinda kwenye mwanga. Ukiona rangi ya kahawia sehemu ya juu, hiyo ndiyo inayofanya injini iwake vizuri, ipate moto, kisha ilegee baada ya sekunde chache. Viringisha kipande cha dodoki la kijani la kusugulia vyombo kwenye kijiti cha mbao, uzungushe taratibu kwa mkono hadi rangi itoke. Msasa usitumie, na pistoni usiisugue. Silinda imechongwa iwe nyembamba kidogo kuelekea juu. Pistoni safi hupita kwa wepesi chini na kubana karibu na kilele. Ukiondoa mbano huo, mgandamizo umekwenda.

Shika pistoni, vuta na kusukuma konrodi. Ukisikia mlio wa "tik", kiungo kimelegea. Nafasi inayofaa ni kama milimita 0.03 hadi 0.08. Kuna kifaa maalumu cha kukaza kiungo hicho: weka kichwa cha pistoni juu ya mbao ngumu, kalisha kifaa, gonga mara moja kwa nyundo ndogo, pima upya. Konrodi lazima ibaki inayumba yenyewe. Ukikaza kupita kiasi, kurudisha nyuma ni kazi ngumu.

Kibati cha vali kilicho nyuma, kinachoruhusu mafuta kuingia bila kurudi, kinatakiwa kucheza huru chini ya waya wake. Kikinata, kiloweshe kwenye methanoli. Kile cha shaba usikipige msasa, kwa kuwa kina beriliamu na vumbi lake ni sumu. Gasketi zote na mpira wa kunyonyea ndani ya tanki badilisha bila kujiuliza.

Kuhusu mafuta: yawe na asilimia 20 ya vilainishi, angalau nusu yake mbarika, nitromethani asilimia 15 hadi 25, iliyobaki methanoli. Mafuta ya magari ya kuchezea huwa na vilainishi vichache mno. Kama yako yana asilimia 12, ongeza mililita 100 za mbarika safi kwenye kila lita, utafika 20. Kumbuka moto wa methanoli hauonekani mchana.

Betri ya kuwashia ni volti 1.5, kubwa ya aina ya D. Ukiunga ya gari, waya umeungua. Waya ukiwaka rangi ya machungwa, sawa. Ukiwa mwekundu hafifu, betri imechoka. Funga propela ya inchi 6 kwa 3, fungua sindano ya mafuta mizunguko 3 hadi 4, tia matone machache ya mafuta hayo kwenye tundu la moshi, piga propela izunguke. Ikiwaka na kuzima mara matone yanapoisha, mafuta hayafiki: angalia kibati, mpira na gasketi za tanki. Ikizima unapotoa betri, mafuta ni mengi mno, funga sindano kidogo kidogo. Ikizunguka kinyumenyume, si ubovu, injini za vali hii hufanya hivyo. Izime, piga tena.

Siku ikiisha, iache imalize mafuta yote, kisha dondoshea matone ya ATF, yale mafuta ya giaboksi ya otomatiki, na uizungushe kwa mkono. Hayagandi kama mbarika.